Kitambaa cha Karambu

Kinanu aliruka kutoka kwa boda kabla haijasimama vizuri, akamkuta Nyaguthii akipanga nyanya kwenye kibanda chake kando ya barabara, hapo Ngaremara.

"Mwenyekiti, nimetoka Isiolo sasa hivi. Nimemwona mzee Kubai dukani kwa Hamdia. Ananunua kitambaa cheupe."

"Cheupe?"

"Cheupe pe pe pe. Hamdia anapima, mzee anamwambia, punguza mama, siku hizi amekonda sana."

Nyaguthii aliketi juu ya kreti. Hakuuliza ni nani aliyekonda. Karambu, mke wa Kubai, alikuwa na donda kooni tangu mvua zilipokataa, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu. Mungu wangu, na huyu naye!

Siku hizo jumuiya yao ya Mtakatifu Rita ilijua kazi moja, kuzika. Wavamizi walikuwa wakija kwa ajili ya mifugo na kuacha maiti. Muiruri, mume wa Nyaguthii, alipigwa risasi akirudi na mbuzi wa mnada. Baada yake wengine wakafuata, na wengine wakahama. Waimbaji walizoea nyimbo za matanga hadi zile nyingine zikawapotea. Nyaguthii alikubali kubaki mwenyekiti kwa sababu ni pale tu, akishika rozari na wale wachache waliobaki, alipoweza kupumua.

Sasa huyu Kubai. Lo, huyo mzee alikuwa mgumu! Miaka yote Karambu alikuja kanisani peke yake, akaketi benchi la nyuma, na wenzake wakipanga foleni kupokea Ekaristi yeye alibaki amekaa, macho chini. Kubai alisema kanisa ni mambo ya akina mama, mahari aliyowapa wazee inatosha. Karambu alipougua ndipo mzee akaanza kujileta jumuiya, na Nyaguthii hakumwonea haya.

"Mzee, tuseme ukweli. Umetukumbuka kwa sababu ya mazishi."

Kubai alizungusha kofia mikononi. "Nimekuja kwa sababu ya Karambu."

"Basi ujue jumuiya si mkokoteni wa kubeba maiti. Mtu asipoonekana hapa, Padri hafiki kwake."

"Nitaonekana, mama."

Na kweli alionekana. Alifagia kanisa, alichota maji, alikaa kwa mafundisho ya Luke katekista, magoti yakigusa kidevu kwenye viti vya watoto. Siku moja aliinua mkono akauliza, "Na mtu akishindwa kusimama, Padri anaweza kumfanyia akiwa amelala?"

Watu walitazamana. Maiti gani inasimama? Wengine walicheka chini kwa chini. Luke alikohoa kidogo, akasema inawezekana, mzee, usiwe na wasiwasi. Nyaguthii hakucheka. Aliona huzuni imeanza kumchanganya mzee wa watu, akajuta kumsema vibaya.

Jioni hiyo alikwenda kumwona Karambu. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi umwekee sikio mdomoni.

"Nyaguthii, sitaki kuondoka nikiwa bado nimekaa kwa benchi. Mwambie Padri asichelewe."

"Hatachelewa, dada. Kanisa litakusindikiza, hata nikigombana na askofu mwenyewe!"

Karambu alijaribu kucheka, koo likakataa. Nyaguthii alitoka nje akalia nyuma ya zizi, ambako hakuna mtu wa kumwona.

Ndiyo maana habari ya kitambaa ilimkalia kifuani. Kesho yake jioni Luke alipita kibandani kwa pikipiki, akielekea Gotu kuongoza ibada, akapaza sauti bila kusimama.

"Mwenyekiti! Kesho asubuhi Padri yuko kwa mzee Kubai! Viti, hema, na waimbaji!"

"Luke! Ngoja! Ni lini ame..."

Alikuwa ameshapotea kwenye vumbi. Nyaguthii alimpigia simu, lakini huko Gotu netiwaki ni bahati. Na kulikuwa na nini cha kuuliza? Mochari ni gharama, Kubai alikuwa anazika haraka kama maskini wote. Alifunika nyanya kwa gunia. Alimlilia Karambu, kisha akajikuta anamlilia Muiruri, kisha akafuta uso na kwenda kuwaambia watu, nyumba kwa nyumba.

Asubuhi jumuiya ilikusanyika, wote waliobaki. Kinanu alijifunga leso nyeusi. Ekai, jirani, alikuja na sepetu begani kwa sababu mzee hakuwa na kijana wa kumchimbia. Wanawake walibeba viti kichwani, na Nyaguthii akatangulia na msalaba wa mbao, uleule uliotangulia jeneza la mume wake. Walianza kuimba wakiwa bado mbali. Walipofika langoni sauti ilimkatika, Kinanu akaupokea wimbo, na wengine nyuma wakaanza kuomboleza waziwazi.

Kubai alitoka mbio nyumbani. Alikuwa amenyoa ndevu, amejikata kidogo kidevuni, na koti la kuazima lilimfika magotini. Alitazama machozi ya Kinanu, akatazama sepetu ya Ekai, akainua mikono yote miwili.

"Mama mwenyekiti, tafadhali, wanyamazishe hao," alisema. "Bibi harusi bado anavalishwa, na akisikia hivyo atafikiri Padri amechelewa."