Kababu za Biasha

Tangu nyama iadimike buchani, baraza la Biasha pale Kongowe lilifurika walaji wa kababu na porojo zao kila jioni.

"Nifungie mbili, shoga," jirani yake akasema, mtoto kamlaza begani. "Nesi kasema huyu lazima ale nyama."

"Akila za Biasha, kesho atacheza ngoma!" mzee mmoja akadakia. Watu wakacheka.

Biasha akaitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa imevimba, inang'aa; pale dole gumba la mama yake lilipoibonyeza, shimo lilibaki.

Kababu zilishafungwa kwenye gazeti. Mkono wake ukagoma kuzitoa.

"Shoga, kamtafutie nyama yenyewe," akasema. "Humu nyama ni ya kunusia. Nimejaza mihogo."

Baraza zima likaacha kutafuna.