Rekodi Namba 212

Kidole cha mhandisi kiliganda juu ya kipanya. Tangu asubuhi alikuwa akipekua rekodi za zamani, zile zinazoonyesha hatua kwa hatua jinsi kila kifurushi cha programu kilivyojengwa kabla ya kupelekwa kwenye pampu za dawa hospitalini. Wagonjwa wawili walikuwa wamekufa kwa dozi iliyozidi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeandika hesabu za dozi, kwa hiyo ndiye aliyebebeshwa zigo la lawama na kufukuzwa kazi. Leo alikuwa kwenye meza ya pili, akipanga vitu vyake kwenye boksi.

Lakini rekodi hii, namba 212, ilisema mengine. Shemeji alikuwa amesahihisha hesabu mapema. Mashine ya kujenga programu ndiyo iliyochukua kipande cha hesabu za zamani kilichobaki kwenye akiba yake. Majaribio yangelinasa kosa hilo, ila kuna mtu aliyazima.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa la mhandisi mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na haraka ya kuwachukua watoto shuleni.

Akashuka hadi chini ya ukurasa. Kisha akaona mstari wa mwisho: rekodi ilishafunguliwa wiki iliyopita. Aliyeifungua ni shemeji.

Akageuka. Shemeji alikuwa anauviringisha waya wa chaja kiganjani, taratibu, bila kumtazama.

"Ifunge hiyo rekodi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukifukuzwa wewe, watoto wa kaka watakula wapi?"

Mlango ukafunguliwa.

"Vipi," bosi akamuuliza mhandisi, "kuna chochote huko?"

Waya ukaacha kuzunguka kiganjani mwa shemeji; rekodi ilikuwa bado wazi kwenye skrini.