Mto wa Tunu

Mito ya kulalia ya siku hizi haikubali sauti ya mwenyewe. Ni lazima ndugu yako wa damu aunenee mto wako maneno machache, nawe ukiulalia yanakuingia mpaka yanakuwa tabia. Ndiyo maana Tunu alimwomba kaka yake, Sadala, amnenee ujasiri. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea urubani Dodoma, na woga ulikuwa unamnyima raha.

Sadala aliushika mto. Akamfikiria baba yao aliyepooza, chumba cha pili. Nani atamwogesha? Nani atampikia uji? Akanena kwa sauti tamu, "Tunu, nyumbani panakutosha."

Siku ya safari alimkuta dada yake jikoni akisukuma chapati huku anaimba.

"Hujaondoka?" aliuliza.

"Nimeikataa ile nafasi, kaka. Sijui nilikuwa nahangaikia nini! Maneno yako yamenituliza kabisa." Akamtazama. "Mbona umenuna? Ulitaka niende zangu umalize nyama peke yako?"

Sadala alijaribu kucheka. Baba aliita kutoka chumbani, na Tunu akajifuta unga, akamwendea kwa furaha. Furaha ile ndiyo iliyomchoma Sadala.

Tunu alirudi ameukumbatia mto wa kaka yake. "Sasa zamu yangu. Nikunenee nini?"

Ukweli ulimfika Sadala kwenye ulimi. Akaumeza.

"Niambie sina kosa."

"Kosa gani tena, kaka?" Tunu alicheka, akauinamia mto, na kwa upendo wake wote akaanza kunena.