Mchi wa Kanga

Wanyama walipokuwa bado wakitwanga na kupeta, Kindi aliazima mchi wa jirani yake Kanga, akatwanga kwa pupa mpaka ukakatika vipande viwili. Haya zikamshika. Badala ya kwenda kusema, akawa anajificha. Kila asubuhi Kanga alikuja akiita, "Kindi wee! Jirani!" Naye Kindi huchupa mtini na kuzama tunduni.

Siku ya kumi njaa ikamtoa. Akaenda kwa Kanga na vipande mkononi.

"Jirani, nimekuvunjia mchi. Niwie radhi."

"Ule wenye ufa? Nilishachonga mwingine," Kanga akasema. "Ulidhani nakuita kwa ajili ya mchi?"

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Karanga zangu zilizaa kupita kiasi, nikataka uje uchimbe nusu."

"Mbona hukusema?"

"Ningezitaja kwa sauti, Ngiri angesikia kabla yako. Na jana amezinusa mwenyewe. Hasazi yule."

Kindi alitazama shamba lililofukuliwa lote, akaketi chini. Siku tisa nzima alikuwa akimkimbia aliyekuja kumlisha.