Ngiri na Kina Furaha Wake

Ngiri alifungua kituo cha simu cha kuwaokoa wanyama walionaswa mitegoni. Wapokeaji simu walikaa kitini kutwa bila maji, na hata kwenda chooni waliomba ruhusa. Aliyelalamika aliambiwa, "Nje wamejaa wanaoitaka kazi yako." Kwa kuwa waliacha kazi kila kukicha, Ngiri aliwapa wote jina moja, Furaha, ili wateja wasigundue.

Siku moja Ngiri mwenyewe akatumbukia kwenye shimo la wawindaji. Akapiga simu kituoni kwake.

"Karibu mteja, unaongea na Furaha."

"Ni mimi Ngiri, bosi wako! Niko shimoni! Mwite Digidigi, anaijua njia ya huku."

"Nasikia Digidigi alizimia kitini, bosi. Hakurudi tena."

Ngiri akapigwa na butwaa. "Alizimia? Mbona sikuambiwa? Basi mwite Kanga!"

"Kanga simjui. Mimi nimeanza leo."

"Basi inuka uje wewe!"

"Haturuhusiwi kuinuka hadi jioni."

"Sheria hiyo niliiweka mimi, mjinga wewe!"

"Kumbe ni wewe," ilisema sauti ile taratibu, na simu ikakatika.

Mbwa wakaanza kubweka karibu na shimo. Ngiri akapiga tena. Ikapokea sauti ngeni kabisa.

"Karibu mteja, unaongea na Furaha."

"Furaha, wawindaji hao wanakuja! Si nimekueleza sasa hivi?"

"Samahani sana, mteja. Yule ameshaacha kazi. Hebu nieleze upya, tangu mwanzo."