Sentensi ya Ukurasa wa Nne

Katika kipindi cha Utangulizi wa Siasa, Sikudhani peke yake hakuwa anaandika. Alikuwa amefungua daftari la baba yake, aliyesoma somo hilohilo katika ukumbi huohuo, akifuatisha kwa kidole. Dokta Kisoka, mhadhiri yuleyule, mzee sasa, alikuwa akisoma maelezo yaleyale, neno kwa neno. Hata utani wake, baba alikuwa ameuandika pembeni.

"Mbona huandiki?" jirani yake akamnong'oneza.

"Yameshaandikwa."

Kwenye ukurasa wa nne, kidole kilisimama. "Raia anapoihoji serikali yake," baba alikuwa ameandika, kisha wino ukaburuzika hadi chini ya karatasi. Hapo ndipo watu wawili walipoingia wakamtoa darasani, daftari likabaki mezani, na hakuonekana tena.

"Raia anapoihoji serikali yake," Dokta Kisoka akasoma, akanyamaza. Kalamu zote zikasubiri.

Sikudhani akasimama, akamwonyesha ule ukurasa. "Malizia sentensi hiyo, Dokta. Baba hakuwahi kuisikia yote."

Mzee aliutazama ule mchirizi wa wino.

"Nitamalizia," akasema. "Ila funga mlango kwanza, mwanangu."

Sikudhani akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa tangu kipindi kianze.