Nyumba Juu ya Mpaka

Wachimba kaburi walishika sepetu, wakimsubiri mjane. Halvor azikwe shamba lipi, lake au la mkewe?

Jimbo zima la Dakota laijua nyumba yao ya udongo. Serikali ilimpa ardhi yule tu aliyelala juu yake, basi Halvor na mchumba wake wakajenga juu ya mpaka wa mashamba yao, kila mmoja na kitanda upande wake. Halvor akamwapia mkaguzi wa ardhi kwamba usiku hajavuka mpaka kamwe, na majirani wakakisimulia kiapo kile mpaka uzeeni kwake.

"Marehemu alikuwa mtu wa kiapo, bibi," alisema jirani. "Tumchimbie kwake."

Yaani hata kaburini walale mbalimbali. Mjane alijifuta udongo mweusi kuchani, polepole, akaona haya.

"Chimbeni kwangu," alisema. "Tangu usiku wa kwanza alilalamika kitanda chake kina baridi."